Karibu, Tule

Maji ndani ya kichupa yaligeuka waridi, yakapita waridi, yakaenda kutua kwenye wekundu wa juisi ya rozela. Kazija alikiinua dirishani, akakitazama mbele ya ukungu wa Magamba, akakirudisha mahali pake bila kukilinganisha na kadi ya rangi. Hakuhitaji kadi. Naitreti ilikuwa imepanda tena.

Kichupa cha fosfeti nacho kilikuwa kinamsubiri. Hiki hugeuka buluu, na maji yakiwa salama buluu yake huwa ya kudokeza tu, kama shuka nyeupe iliyopitishwa kwenye buluu ya kufulia. Leo ilikuwa wino.

"Vipi, daktari wa maji?" aliuliza Hemedi Kaoneka kutoka mlangoni. Hemedi ndiye aliyekuwa mtu wa pampu, Msambaa wa Mlalo, mwembamba, asiyeishiwa maneno. "Bahari yako imeamkaje?"

"Imeamka na homa."

"Basi ikande na maji ya moto."

"Maji ya moto ndiyo yaliyotuleta huku, kaka Hemedi."

Hemedi alicheka, kisha akajutia kicheko chake, maana lilikuwa neno la kweli. Bahari ya chini ilipopata joto ambalo halikuondoka tena, matumbawe yalianza kuwa meupe, miamba kwa miamba, mpaka pwani yote ikawa kama mahali palipomwagwa mifupa. Watu wa Pemba waliyang'oa machache yaliyosalia, wakayafunika kwa magunia mabichi, wakayavusha kwa majahazi na kuyapandisha Lushoto kwa malori, kwa sababu baridi ya mlimani ni ya bure. Hapo ndipo ilipojengwa Nyumba ya Bahari. Wafanyakazi wa Magamba wakipanda kilima asubuhi huagana na wake zao kwa kusema, "Nakwenda baharini," wala hakuna anayecheka. Kazija alifika huko akiwa amepakatwa na bibi yake kwenye lori la mwisho. Bahari aliyoijua ilikuwa hii tu, ya nyuma ya kioo.

Alivaa mabuti akaingia ukumbini.

Bwawa lilikuwa refu kama ukumbi wa msikiti wa Ijumaa, na kioo chake kilianzia sakafuni. Zamani mtu akiingia hapo alilakiwa na rangi, zambarau na kijani na manjano, matawi ya matumbawe yakiwa yamenyoosha vinywa vyao vidogo kama nywele zinazopeperuka. Sasa vinywa vilikuwa vimefumbwa. Ute wa kahawia ulitambaa juu ya matawi, na pale ulipokuwa umekaa muda mrefu, tumbawe lililokuwa chini yake lilikuwa limekwisha kufa. Hayakuwapo mengine popote. Kituo cha Mafia kilikuwa kimefungwa, na yale ya ng'ambo hayakuwa ya aina hii. Haya yakienda, yamekwenda.

Kazija alifanya kila kilichofundishwa chuoni, na zaidi. Alifungua mnara wa povu, unaonasa uchafu kabla haujaoza na kugeuka naitreti. Aliingia kwenye chumba cha mwani, ambako taa huwaka ili mwani unenepe kwa ule ule uchafu unaoyasumbua matumbawe, akauvuna kwa mikono miwili, kilo baada ya kilo. Alibadilisha chengachenga za kutu ya chuma, ambazo hushika fosfeti kama sumaku inavyoshika misumari. Alirekebisha siki inayodondoka tone kwa tone kuwalisha bakteria. Bakteria hula siki pamoja na naitreti kama mtu anavyokula ugali na mboga, ukimnyima kimoja na kingine hakishuki. Alibadilisha maji kadiri chumvi ilivyoruhusu. Na bado kila wiki kichupa kilizidi kuwa chekundu.

Jambo hilo lilimnyima raha. Fosfeti haizaliwi na hewa. Kila iliyomo majini iliingia ikiwa chakula, na chakula cha bwawa hili alikipima yeye mwenyewe.

"Karibu, tule."

Sauti ilitoka kwenye spika juu ya kioo, sauti ya mwanamke mtu mzima wa Micheweni, yenye mkwaruzo mtamu. Chini yake Mwinyi alikuwa amekuja kumtazama. Alikuwa chewa mkubwa kuliko mtu, mwenye madoadoa, midomo minene, na macho yasiyo na haraka. Chewa huzaliwa majike, na baadhi yao ukubwani hugeuka madume, ndiyo maana alibadilishwa jina; lakini mkalimani wake, kile kifaa cha kumsemea kilichopandwa ubongoni, ulikuwa umekwisha kuota zamani, ukabaki na sauti ya bibi.

"Ahsante, Mwinyi. Kula tu," Kazija alijibu, kama mtu yeyote angejibu.

Kisha akarudi kwenye mnara wa povu kumwaga kikombe chake. Povu la siku hiyo lilikuwa zito, rangi ya chai ya rangi iliyolala. Kazija alilimwaga kwenye chujio, na juu ya chujio, katikati ya ute wa bahari, likabaki haragwe.

*

Hakumwambia mtu. Alikuwa na haya ya kumtuhumu hata paka. Saa ya chakula cha mchana alikaa nyuma ya matangi ya chumvi, mahali ambapo ukumbi wote ulionekana, akafungua kontena lake bila kuugusa wali.

Hemedi alikuja wa kwanza, akakaa kwenye benchi mbele ya kioo na bakuli lake la makande. Mwinyi akasogea.

"Karibu, tule."

"Aa, ahsante, mzee wangu. Kula tu," alisema Hemedi, akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Akatazama kioo. Akatafuna polepole zaidi. Mwishowe akasimama, akapanda ngazi ya pembeni, akadondosha kijiko kizima cha makande majini. "Haya. Usije ukasema Wasambaa hawakulelewa."

Akaja mama wa usafi na kiazi chake. Akaja mlinzi na kipande cha mkate. Kila mmoja alikaribishwa, kila mmoja alishukuru, na kila mmoja baada ya matonge mawili matatu aliona aibu kutafuna mbele ya mtu aliyemkaribisha ilhali mwenyewe hana kitu, akapanda ngazi. Wa mwisho alikuwa Mkuu mwenyewe, Mhandisi Shekiondo, na suti yake na mvi zake. Aliangaza huku na huku, akatoa mfukoni karatasi iliyosokotwa, akammiminia Mwinyi dagaa wa kukaanga.

"Mkuu," Kazija aliita.

Shekiondo alishtuka nusura ateleze ngazini.

Ofisini kwake alifuta miwani kwanza. "Ni kidogo tu, mwanangu."

"Dagaa ni fosfeti tupu, Mkuu. Na kila mtu anatoa kidogo tu. Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, nafikiri. Lakini zamani tulikuwa watu watano na yeye alikuwa na urefu wa mkono wangu." Alivaa miwani. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeuotesha mkalimani."

Mkalimani haukuwa chombo cha kuchomeka na kuchomoa. Ulipandikizwa kwenye ubongo wa samaki akiwa mchanga, ukakua naye kama mzizi unavyokua na jiwe. Ulichoweza kufanya ni kimoja: kuhisi hali ya mnyama, kisha kuchagua, katika maneno uliyofundishwa, lile lililofungwa kwenye hali hiyo. Maneno yote ya Mwinyi yalitoka kwa mtu mmoja, mtunzaji wake wa kwanza, Bi Mize, bibi yake Kazija.

"Tulipofika kwenye njaa," alisema Shekiondo, "nikamwambia, Bi Mize, hapa sema 'Nina njaa.' Akanitazama kama nimemvua kanga. Akaniambia, 'Mwanangu, mtu aliyelelewa hasemi hivyo mbele za watu.' Nikamuuliza, sasa mtu aliyelelewa akishikwa na njaa anasemaje? Akasema, 'Akiona watu wanapita, atawakaribisha. Wenye akili wataelewa.'"

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa unashuka kwenye mipeasi.

"Na tumeelewa," alisema Shekiondo. "Miaka yote hii tumeelewa."

*

Tangazo lilibandikwa kuwa ni marufuku kula ukumbini, na Mwinyi akapunguziwa posho. Vichupa vilipauka kidogo, Kazija akaanza kutumaini. Kisha vikagoma. Alipiga hesabu na kuzirudia, akitamani awe amekosea, lakini chewa wa ukubwa ule, hata akila nusu ya haki yake, alikuwa anatia majini zaidi ya kile ambacho mnara na mwani na chuma viliweza kutoa. Kuongeza chuma kwa pupa kusingefaa. Fosfeti ikishuka ghafla, tumbawe lililozoea uchafu hufa kwa mshtuko, kama mfungaji anayefuturu kwa karamu. Ilibidi ishuke taratibu, na wakati huo huo ute ulikuwa unatambaa. Tumbawe la pembe la kona ya kaskazini, la kwanza kushushwa kwenye lori, lilikwenda lote.

Na Mwinyi alikuwa na njaa. Hakuhitaji tena kumwona mtu na bakuli. Alisogea mbele ya kila aliyepita, akifungua na kufumba mdomo wake mkubwa.

"Karibu, tule. Karibu, tule. Karibu, tule."

Mama wa usafi aliomba ahamishiwe jikoni. Mlinzi alianza kupita nje, mvuani. Hemedi alifanya kazi ameziba masikio kwa pamba, na utani ulimwisha.

Aliyebaki kukaa ukumbini ni Bi Mize peke yake. Kiharusi cha miaka miwili nyuma kilikuwa kimemnyang'anya usemi na nguvu za mkono wa kulia, lakini miguu ilimwachia, na kila asubuhi alipanda kilima amevaa sweta juu ya kanga, akakalia kigoda chake kando ya kioo. Mkanda wenye maneno yake ya asili ulikuwa umezama pamoja na ofisi yao ya zamani ya Wete, kule Pemba. Alichosalia nacho cha sauti yake kilikuwa ndani ya samaki. Watu walikuwa wamelizoea jambo hilo kiasi cha kutoliona tena: mtu alipita na kusema, "Shikamoo, Bi Mize," Mwinyi akasogea kumtambua mpitaji, spika ikaitika, "Marahaba, mwanangu," na mtu akaenda zake ameridhika. Kazija naye alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Siku moja Shekiondo alimkuta Kazija amesimama chini ya spika.

"Tuikate," alisema kwa upole. "Waya mmoja tu. Tuendelee kumpunguzia mpaka aishe mwenyewe. Bila sauti watu wataweza kuvumilia."

"Na yeye?"

"Yeye ni samaki, Kazija. Samaki wote duniani wanashinda na njaa, hatujawahi kukesha kwa ajili yao. Ule mkalimani hausemi anachofikiri. Unachagua tu neno."

"Neno la njaa."

"Neno la njaa, ndiyo."

"Basi njaa ipo, Mkuu. Tukikata waya, itakuwa imekwenda wapi?"

Hemedi, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye pampu, alitoa pamba sikioni. "Si tumrudishe baharini kwao?"

"Bahari ipi?" alisema Shekiondo. "Kule chini ataiva akiwa hai. Na tangi la pembeni hawezi hata kujigeuza."

"Basi tumwache ashibe, yaende hayo mawe."

Kazija alitazama kioo. Kwenye tawi moja, pale ambapo alisugua ute kwa mswaki jana yake, kinywa kimoja kilikuwa kimefunguka, kidogo kuliko punje ya mtama, kikipapasa maji.

"Si mawe, kaka Hemedi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Tatizo hayana mtu wa kuyasemea."

*

Alikwenda kwa bibi yake Ijumaa baada ya sala. Nyumba ya Bi Mize ilikuwa chini ya kilima, na ua wake ulikuwa umefagiwa kwa mkono mmoja, mistari ya ufagio ikilalia upande. Mwenyewe alikuwa barazani, bakuli la mchele mapajani, akichagua mawe.

"Shikamoo, Bibi."

Bi Mize aliinua kichwa, akamkaribisha kwa macho. Kazija alivua viatu, akakaa chini, akatia mkono kwenye bakuli naye akachagua. Walichagua pamoja kwa muda. Alikuwa ameyapanga maneno njiani kote, na sasa hayakutaka kutoka kwa mpango.

"Nimepiga hesabu kila namna, Bibi. Hawawezi kuishi pamoja, yeye na matumbawe. Mkuu anasema tukate spika afe na njaa kimya. Mimi siwezi. Akifa na njaa nataka nisikie, na nikisikia sitaweza kumwacha afe na njaa." Alivuta pumzi. "Nitatumia mafuta ya karafuu. Kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka kumshona kidonda, ila nitayazidisha. Atalala, basi."

Mkono wa Bi Mize ulisimama ndani ya mchele.

"Sikuja kukuomba ruhusa. Nikikuomba nitakuwa nimekutwisha wewe. Nimekuja ili usije ukasikia kwa watu."

Bi Mize aliondoa bakuli mapajani, akaliweka sakafuni pole pole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akageuza uso ukutani. Kazija alisubiri. Alimwita. Alimgusa goti. Uso haukugeuka, na mwishowe alichukua viatu vyake mkononi, akaondoka pekupeku mpaka nje ya ua.

*

Kwenye upande wa mashariki bwawa lilikuwa na kizimba, sehemu inayoweza kufungwa kwa lango la kioo ili maji yake yasichanganyike na mengine. Hemedi alifungua lango, akamrushia Mwinyi kipande cha samaki ndani ya kizimba, na Mwinyi akaingia bila kushuku lolote. Lango likateremka nyuma yake. Hemedi aliujaribu ufito wa mpira kwa kidole kuhakikisha umeziba, kisha akaujaribu tena, na tena, mpaka Kazija akamwambia inatosha.

Mafuta yalikuwa kwenye chupa ya kahawia. Kazija alikuwa ameyachanganya na spiriti kidogo ili yayeyuke majini, na ukumbi mzima ulinuka karafuu, harufu ya kwao ambako hakukumbuka hata uso wa nyumba moja. Shekiondo alisimama kando, kofia mkononi. Hakuisema tena habari ya waya.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Bi Mize. Nyuma yake mama wa usafi alikuwa amebeba sufuria kwa kitambaa, na mlinzi amekumbatia mkeka, sinia na sahani. Bi Mize hakumtazama mtu. Aliuonyesha mkeka mahali pa kutandikwa, mbele ya kioo cha kizimba, sufuria ikawekwa katikati, na kifuniko kilipoinuliwa ukatoka mvuke wa wali wa nazi na perege wa kupaka.

Mwinyi alikuja mpaka kioo kikagusa midomo yake.

"Karibu, tule," alisema.

Hakuna aliyejibu ahsante. Bi Mize alikaa mkekani, akanawa mkono wa kushoto, akawatazama wengine mmoja mmoja mpaka wakaelewa. Mtu anayekukaribisha chakula hataki tonge lako. Anataka ukae naye. Katika miaka yote ile, kati ya watu wote waliopanda ngazi ile kwa huruma, hapakuwa na mmoja aliyekubali mwaliko wake.

"Bismillahi," alisema Hemedi, akakunja miguu.

Walikaa wote, chakula kikapakuliwa siniani. Mhandisi Shekiondo alikaa na suti yake. Kazija alipanda ngazi na sahani iliyojaa perege wazima, akawatia majini wote, kwa kuwa maji ya kizimba yalikuwa yanakwenda kumwagwa na hapakuwa na wa kudhurika, kisha akashuka naye akatia mkono siniani. Walikula. Chewa alikula. Mtu alimsogezea mwenzake kipande kilichonona. Mama wa usafi alikuwa analia na kutafuna, na hakuna aliyemwambia kitu. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi spika ilikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa wa watu wanaokula pamoja.

Sinia lilipobaki tupu, Kazija alinawa, akachukua chupa.

Aliyamimina kwa uzi mwembamba, akiyatawanya. Maji yaligeuka maziwa kidogo, kisha yakatulia. Mwinyi alizunguka mara moja, mapezi yakienda taratibu. Alipofika mbele ya Bi Mize alisimama.

"Marahaba, mwanangu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Kisha mwili ule mkubwa ukaanza kulalia ubavu, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa mto. Mashavu yake yalifunguka na kufumba, yakapumzika, yakafunguka. Bi Mize alikuwa ameweka kiganja cha kushoto kwenye kioo. Kazija alihesabu pumzi kama alivyofundishwa, akapotea, akaacha kuhesabu.

Spika ilikwaruza.

"Kumbe," ilisema.

Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia likitoka humo. Lilisemwa pole pole, bila mshangao mkubwa, kama mtu anapofika mwisho wa jambo lililomsumbua siku nyingi. Halikufuatwa na jingine.

"Kumbe nini?" Hemedi alinong'ona.

Kazija alimgeukia Shekiondo. "Mlilifunga kwenye hali gani, Mkuu?"

"Sikumbuki." Macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Wallahi sikumbuki kama tulilifunga. Huenda alikuwa anaongea na mtu pembeni, mashine ikalinasa."

Aliyejua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa pale, paji la uso likiwa limeegemea kioo, na hakuweza kusema.

*

Vichupa vilipauka. Haikuwa ghafla, Kazija alivishikilia kama mtu anayemteremsha mgonjwa ngazi, chuma kidogo, siki kidogo, mwani ukivunwa. Wekundu ukawa waridi, waridi ikawa kama kucha. Buluu ikafifia, naye akahakikisha haiishi kabisa, kwa kuwa maji matupu nayo huua. Ute ulikatika vipande, ukang'oka, ukaishia kwenye povu. Theluthi ya matumbawe haikurudi. Yaliyosalia yalifungua vinywa, kwanza hapa na pale, kisha tawi zima, na asubuhi moja Hemedi aliingia akasimama katikati ya ukumbi na bisibisi mkononi, akisahau alichofuata, kwa sababu upande wote wa kusini ulikuwa zambarau.

"Yamependeza," alisema. Akangoja kidogo, kama mtu anayetegemea kuitikiwa, halafu akaenda kwenye pampu zake.

Tangazo liliondolewa. Watu waliruhusiwa tena kula ukumbini, lakini hawakuja. Mvua ikinyesha walikula chini ya paa la stoo, wamesimama.

Bi Mize hakupanda kilima muda wote huo. Kazija alipeleka unga na mafuta ya taa, akavikuta vimeingizwa ndani baadaye, na mlango umefungwa. Hakubisha mara ya pili. Alidhani ndiyo bei yake, na kwamba ni haki.

Basi hakuamini alipoingia kazini siku moja akaona kigoda mahali pake na sweta mgongoni pa mtu aliyekikalia. Bi Mize alikuwa anatazama matumbawe. Mlinzi alipita na ndoo. "Shikamoo, Bi Mize," alisema, na kwa mazoea akaendelea na safari yake. Alipofika mlangoni hatua zilimkatika, akageuka nusu, akakosa la kufanya, akatoka.

Kazija aliweka kasha lake la vichupa sakafuni. Alikwenda akapiga magoti kando ya kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

Juu yao spika ilikuwa bado imening'inia. Kazija alijikuta ameinua macho kuitazama, akaona aibu, akayashusha. Akatazama mdomo wa bibi yake. Ulikuwa umepinda upande mmoja, na upande uliobaki mzima ulikuwa unahangaika. Alijiuliza kama ulikuwa ukihangaika hivyo miaka yote miwili, kila walipomwamkia na kuitikiwa na kioo, na hakuna aliyekuwa anautazama.

Alisogeza sikio mpaka likagusa pumzi.

"K...," ilitoka. Ilikuwa hewa zaidi kuliko sauti. Bi Mize alifumba macho, akakusanya nguvu kutoka mbali. "Ka..."

Huenda lilikuwa jina lake. Huenda lilikuwa mwanzo wa neno jingine, au halikuwa neno.

"Labeka, Bibi," alisema Kazija, na hakuondoa sikio. "Labeka. Niko hapa, nakusikia."